Jiko la Presha la Umeme Nililoliona Sekenke, na Hesabu ya Chakula cha Wachumaji



Katika mkutano wa Kamati uliopita lilizuka neno lililochukua muda mrefu kuliko bei ya majamvi na kuliko habari ya barabara. Neno lenyewe ni kuni. Msimu uliopita baadhi yetu waliwapikia wachumaji kwa matawi mabichi ya mikarafuu yao wenyewe. Wengine walinunua mkaa kwa magunia, na fedha ikawaishia hata karafuu hazijakauka. Mjumbe mmoja akatoa shauri kwamba chama kitoe sehemu ya mfuko wake, kinunue majiko ya presha ya umeme, kiwakopeshe wanachama, nao walipe kidogo kidogo baada ya kuuza. Hapo baraza likagawanyika. Wako waliosema shauri ni jema, na wako waliosema umeme utatufilisi, maana kila mwenye jiko la koili nyumbani kwake ajua jinsi yuniti zinavyoyeyuka. Mwisho wake Kamati ikaniagiza mimi Katibu niandike niyajuayo, ili siku ya mkutano mkuu kila mtu awe amekwisha kuipima hesabu nyumbani kwake.

Niyajuayo juu ya jambo hili mengi niliyaona Sekenke, na yafaa nieleze kwanza Sekenke ni wapi, kwa kuwa si wengi wetu hapa Pemba waliopata kufika. Ni pahali katika wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida, kwenye njia kuu itokayo Mwanza kwenda Singida na Dodoma. Upande wa magharibi iko mbuga ya Wembere, tambarare ambayo jicho halioni mwisho wake. Upande wa mashariki uko Mlima Sekenke, ambao malori huupanda kwa taabu. Dhahabu iligunduliwa huko zama za Wajerumani, na mwaka 1916, vita vilipokuwa vimewabana, walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 mjini Tabora, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Mgodi ule wa zamani ulikwisha, lakini wachimbaji wadogo wapo hata leo. Na mchimbaji ni kama mchumaji wetu: akitoka kazini hataki hadithi, ataka chakula kilicho tayari.

Mwezi wa Mei 2025 nalikuwa nikirudi kutoka Mwanza, na gari letu likaharibika kabla ya kuupanda mlima huo. Tukaambiwa fundi atafika kesho yake. Sisi Wapemba hatukosi mtu wetu popote penye duka, na kweli haikupita nusu saa nikamsikia mwenye duka mmoja akimwita mtoto kwa lafudhi ya Wete. Nikamwendea, tukaulizana ya nyumbani, na usiku ule nikalala kwake. Mkewe ni Mnyiramba, naye ana banda la chakula mbele ya duka: maharage, makande, nyama ya mbuzi na ugali. Kwa siku huja wachimbaji na madereva thelathini, siku nyingine arobaini.

Nilitazamia kukuta moshi. Nikakuta majiko mawili ya presha ya umeme juu ya meza, kila moja la lita 8 na wati 1,200, na kando jiko moja la mkaa ambalo halikuwa na sufuria juu yake.

Nikamwuliza, "Shemeji, umeme haukuli?"

Akacheka, akasema, "Hata ndugu yako huyu alinikatalia mwanzo. Nikamwambia, kaa basi mbele ya LUKU utazame mwenyewe. Nawe katazame."

Nikakubali, maana mimi ni mtu wa daftari. Tukazima friji na taa zote isipokuwa tochi yangu. Akatia kilo moja ya maharage makavu, yaliyokuwa yamelowekwa tangu mchana, akaongeza maji, chumvi na kijiko cha mafuta. Vyote pamoja havikupita nusu ya chungu. Akafunga kifuniko, akabonyeza. LUKU ilisoma 31.8. Kwa dakika kama ishirini jiko lilikuwa likivuta umeme, na taa nyekundu ya mita ikipepesa haraka haraka. Kisha ikasikika "tak", taa ya mita ikapoa, nasi tukakaa tukizungumza habari za Pemba. Mara moja moja jiko lilivuta umeme tena kwa muda mfupi, likaacha. Baada ya dakika hamsini kwa jumla mvuke ukatulia, kifuniko kikafunguka, na maharage yalikuwa laini hata kwa asiye na meno. LUKU ilisoma 31.3. Nusu ya yuniti.

Asubuhi fundi alichelewa, nami nikapata nafasi ya kukamilisha jaribio. Ndani walikuwa na jiko la koili la wati 1,500 lililojaa vumbi, ambalo walilitumia zamani wakaliacha. Nikaomba tupike maharage yale yale, kilo ile ile, nayo yamelowekwa usiku kucha, katika sufuria yenye kifuniko, na yuniti nitazilipa mimi. Yalichukua saa mbili na dakika kumi, na maji tukayaongeza mara mbili. Yuniti zilizokwenda ni 2.3. Yaani chakula kile kile, mita ile ile, na jiko moja likala karibu mara tano ya jingine.

Sasa nitaeleza sababu, maana asiyejua sababu atadhani kuna uchawi au kuna wizi wa mita.

Kosa letu la kwanza ni kutazama wati zilizoandikwa nyuma ya chombo na kuogopa. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Chombo cha wati 1,200 kikivuta kwa dakika 25 tu kitakula nusu ya yuniti; chombo cha wati 600, ambacho mtu angekiita kidogo, kikivuta saa mbili na nusu kitakula yuniti moja na nusu. Wati ni kama upana wa bomba; gharama yako ni maji yaliyopita, nayo hutegemea pia bomba limefunguliwa kwa muda gani.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo liko katika kila jiko, la kuni, la mkaa na la umeme. Kuyapasha moto maji ya lita moja, kutoka ujoto wa mtungini wa nyuzi 27 hata yachemke, kwahitaji chini ya sehemu moja ya kumi ya yuniti. Lakini kuigeuza lita hiyo yote iwe mvuke kwahitaji zaidi ya sehemu sita za kumi, yaani kama mara saba na zaidi. Basi kila unapoona mvuke ukipanda kutoka sufuriani kwa saa mbili, ujue umeme wako, au mkaa wako, unapanda nao kwenda kwenye makuti. Mvuke ule haukuivisha hata punje moja ya mbaazi. Chakula huiva kwa sababu kimekaa katika ujoto kwa muda wa kutosha; mapovu mengi hayaongezi ujoto. Maji yanayochemka polepole na maji yanayorukaruka yana ujoto mmoja. Wazee wetu waliotoa vijinga mafigani sufuria ilipochemka, wakaacha makaa tu, walilijua hilo bila ya kipimo.

Jiko la presha hufanya mambo matatu kwa pamoja. La kwanza, hufunga kabisa, hata mvuke hauna njia isipokuwa ile ndogo ya salama. La pili, kwa kuwa mvuke umebanwa, maji hayachemki kwa nyuzi 100 bali hupanda kupita nyuzi 110, na katika ujoto huo maharage, mbaazi, mifupa na nyama ngumu hulainika upesi sana. La tatu, chungu cha ndani kimezungukwa na ganda la nje, na katikati yake iko hewa inayozuia ujoto usitoke. Na chini iko swichi inayojua ujoto umefika, ikakata umeme yenyewe. Ndiyo ile "tak" niliyoisikia. Tangu hapo chakula hujipikia kwa ujoto uliokwisha kulipiwa.

Hapa sina budi kusema neno la haki, asije mtu akafika nyumbani akapima, akasema Katibu alitia chumvi. Sekenke iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji huchemka kwa nyuzi 96 au 97 tu. Sufuria ya wazi huko hupika polepole kuliko kwetu. Sisi tulio usawa wa bahari hupata nyuzi 100 kamili, basi tofauti baina ya jiko la koili na jiko la presha kwetu itakuwa ndogo kidogo kuliko niliyoiona mimi. Hata hivyo majaribio yaliyofanywa Dar es Salaam, ambayo ni pwani kama sisi, yalionyesha njia hiyo hiyo. Mwaka 2018 shirika la TaTEDO, pamoja na wataalamu wa Uingereza, waliwapa watu wa majumbani madaftari waandike kila walichopika na umeme uliotumika, na vyakula vinavyochukua muda mrefu, kama maharage, vikaonekana kuhitaji umeme mchache sana katika jiko la presha kuliko katika jiko la koili. Kwa vyakula vyepesi tofauti ilikuwa ndogo. Ukikaanga mayai mawili huna faida yoyote.

Kwa hiyo tusidanganyane juu ya mambo ambayo jiko hili haliwezi. Ugali wapikika, lakini ukisonga chungu cha ndani huzunguka, nawe wabaki kushindana nacho. Shemeji yangu wa Sekenke ugali ausonga kwenye mkaa mpaka leo. Chapati, mkate wa kumimina na samaki wa kukaanga havina kazi na presha. Uji na vyakula vyenye povu jingi vyataka uangalifu. Lakini kwa vyakula vyetu vingine ni msaada mkubwa: mbaazi, choroko, kunde, utumbo, supu ya mifupa, na pweza, ambaye wapishi wetu humpigapiga na kumchemsha mpaka wachoke wao. Wali huiva vizuri ukijua kipimo cha maji, nacho ni kidogo kuliko cha sufuria kwa kuwa hayapotei. Jambo moja la kukumbuka kwa sisi watu wa nazi: tui usilitie mwanzo. Pika mbaazi kwanza kwa maji, fungua, ndipo utie tui na kuliacha lichemke kidogo bila kufunga. Ukilitia mwanzo litakatika, na huenda likashika chini na kuungua.

Kuna hofu ya pili iliyosemwa katika Kamati, kwamba jiko hili litapasuka. Hofu hiyo ni ya zamani kama chombo chenyewe. Mfaransa mmoja, Denis Papin, alikionyesha chungu cha namna hii mjini London mwaka 1679, akalainisha mifupa mbele ya wataalamu, na yeye mwenyewe ndiye aliyekitilia kile kizibo kinachoachia mvuke ukizidi. Majiko ya leo yana kizibo hicho, tena yana kifungo kinachozuia kifuniko kisifunguke mpaka mvuke upungue. Mtu asilazimishe kifuniko. Maharage na nafaka zinazovimba zisipite nusu ya chungu, na vyakula vingine visipite theluthi mbili. Tundu la mvuke lisafishwe kila siku, kwa kuwa maganda ya maharage huliziba, na ndiyo sababu ya kile kijiko cha mafuta, hupunguza povu. Mpira wa kifuniko utolewe uoshwe. Ukichanika ununuliwe mwingine, usitiwe gundi. Na mvuke ukitolewa, mkono na uso viwe mbali. Watoto pia.

Kwangu mimi hatari kubwa zaidi ni waya. Nilipofika nyumbani nilinunua jiko langu, nikaliunga kwa waya wa kuongezea wa bei rahisi, pamoja na pasi ya mke wangu, kwa kuwa jikoni hatukuwa na soketi. Siku ya tatu tukasikia harufu ya plastiki. Plagi ilikuwa imeyeyuka na kushikana na soketi ya waya, na ukuta umepata weusi ambao upo hata leo. Sikuupaka rangi, nimeuacha uwe ukumbusho. Jiko la wati 1,200 huvuta ampea 5 na kitu. Pasi huvuta karibu kama hiyo. Waya mwembamba uliofanywa kwa taa na redio hauwezi. Basi jiko liungwe katika soketi ya ukutani, moja kwa moja, na mwenye kuweka majiko mawili aite fundi mwenye leseni aangalie waya wa nyumba kwanza. Gharama ya fundi ihesabiwe pamoja na bei ya jiko.

Tena iko habari ya umeme wenyewe. Umeme wetu wa Pemba waja kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu 2010. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya mafuta. Ndugu zetu wa Unguja walikaa gizani mwaka 2008, na tena kutoka Desemba 2009 hata Machi 2010, kwa sababu ya hitilafu za njia yao ya umeme. Mwenye akili hatalitupa jiko lake la mkaa. Aliweke, na gunia moja awe nalo. Ama ule upungufu wa nguvu wa jioni, wakati taa huwa nyekundu kama ndizi mbivu, usiwatie hofu nyingi. Sekenke ni hivyo hivyo wakati wa magharibi. Nguvu ikipungua jiko huchelewa kupanda, labda dakika kumi zaidi, lakini kazi ni ile ile na yuniti hazizidi kwa kiasi cha kutisha.

Sasa hesabu ya fedha, ambayo najua wengine wamerukia hapa kwanza.

Shemeji yangu alinunua kila jiko kwa Sh 180,000 mjini Singida. Sufuria moja ya maharage, aliniambia, ilikuwa ikila mkaa wa Sh 1,000. Nusu ya yuniti, hata tukihesabu yuniti moja kuwa Sh 360 pamoja na kodi, ni Sh 180. Basi kila sufuria humwokolea Sh 820. Yeye hupika sufuria nne kwa siku, baina ya maharage, makande na nyama, yaani huokoa Sh 3,280. Majiko mawili ni Sh 360,000, na fedha hiyo ilirudi kwa siku mia na kumi hivi. Hakuna mkopo wa chama utakaomshinda mtu wa namna hiyo.

Lakini chukua nyumba ya watu watano inayopika mbaazi au maharage siku moja na kuruka siku moja. Hizo ni sufuria 15 kwa mwezi, na akiba kama Sh 12,300. Jiko moja la Sh 180,000 litarudisha fedha yake baada ya miezi 15. Si hasara, lakini si jambo la kukopea kwa pupa, hasa kwa mwenye deni la pembejeo. Kila mtu atoe risiti yake ya TUKUZA, agawanye fedha aliyolipa kwa yuniti alizopata, na atie bei hiyo mahali pa ile Sh 360 yangu. Na bei ya mkaa atie ile ya kijijini kwake.

Wenye kufaidika zaidi kati yetu ni wale wanaolisha wachumaji. Kambi ya watu ishirini yataka kama kilo mbili za maharage kwa siku, kilo nne za mchele, na maji ya chai. Kwa majiko mawili ya lita 8, yuniti kwa siku hazitapita tatu au nne. Linganisheni na mzigo wa kuni na siku ya kazi ya mtu wa kuzitafuta, ambaye angekuwa juu ya mti akichuma. Kwa maoni yangu, mkopo uanze na hao, wenye shamba lililo karibu na nyumba yenye umeme na wenye wachumaji kumi au zaidi, na majiko yazungushwe: yule anayemaliza mvuno mapema ampe mwenzake. Wajumbe wawili hawakubaliani nami hapa, wataka kila mwanachama apate sawa. Nimeliandika neno lao pia ili lisipotee.

Na wale ambao mashamba yao hayajafikiwa na nguzo, wasidhani makala haya hayawahusu. Jambo la kushika ni ujoto usipotee, na hilo halitaki waya. Chukua pakacha kubwa au sanduku, lijaze usumba mkavu pande zote na chini, ufanye shimo la kuenea sufuria. Chemsha maharage yaliyolowekwa kwa dakika ishirini na kifuniko juu, kisha ichukue sufuria kama ilivyo, bila kufunua, uitie shimoni, uifunike kwa mto wa usumba na gunia, uende shamba. Baada ya saa nne utakuta imeendelea kuiva yenyewe. Labda utairudisha motoni kidogo mwisho. Kuni zitapungua zaidi ya nusu, na usumba wetu hapa watupwa.

Nimesema mengi ya fedha, na sijasema ya moshi. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Ni kwa ajili hiyo, na kwa ajili ya misitu, Serikali ya Jamhuri ya Muungano ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwezi wa Mei 2024, na shabaha yake ni asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Kwetu nyumbani mama yangu alipika kwa makumbi na kuni mbichi miaka arobaini, na kikohozi chake twakijua kama tunavyojua adhana ya alfajiri. Yeye ndiye aliyelipinga jiko langu kwa maneno makali zaidi. Sasa hupika choroko ndani yake, lakini kifuniko bado hataki kukifungua, humwita mjukuu.

Na mti wenyewe. Karafuu hutoka nchani mwa matawi. Mwenye kukata tawi bichi la mkarafuu kwa ajili ya chungu cha maharage amekata karafuu za msimu ujao na za misimu ya baada yake, mbali ya kuwa sheria yakataza kuukata mkarafuu pasipo kibali. Mche aupandao leo atangoja miaka sita au zaidi kabla ya kuona karafuu za maana. Nimewahi kuiona kuni ya mkarafuu ikiwaka chini ya sufuria ya wachumaji wanaochuma mkarafuu ule ule, na sikujua niseme nini. Mwenye shamba alikuwa mtu mzima kuliko mimi. Ni israfu, na mwenyewe alijua.

Mkutano mkuu utakuwa ofisini petu, na tarehe mtatumiwa pamoja na karatasi ya mahesabu ya mfuko. Siku hiyo, saa tatu asubuhi, nitaweka kilo moja ya mbaazi katika jiko langu mbele ya wote, na jiko la koili la ofisi kando yake na kilo nyingine, kila moja kwa zamu yake, mita ikiwa wazi. Katibu msaidizi atasoma namba kwa sauti na Mweka Hazina ataandika. Anayetaka kuleta mbaazi za kwake kwa sababu hazina imani na zangu, azilete zimelowekwa tangu usiku. Nazi tunahitaji sita.

Katibu